Sufuria Zilizokwenda Matangani

Nikisikia mtu anasema vijana wa Kisangani hawapendi kazi, natafuta mkono wa kiti changu niukamate kwanza, nisije nikasimama na kumwambia maneno. Mimi nina mjukuu msichana. Mama yake alikuwa binti yangu, amekwisha kufariki, na mtoto nimemlea mwenyewe hapa nyumbani kwangu, commune ya Tshopo. Huyo mjukuu anaamka kabla ya jogoo wa jirani. Na huyo huyo ndiye aliyenyang'anywa ufunguo wa jiko kwa sababu ya matanga. Nataka kulieleza jambo hili vile lilivyokuwa, maana kwenye avenue yetu kila mtu analieleza kwa njia yake, na wote wanacheka. Mimi sicheki.

Mnisamehe maandishi. Nilisoma mpaka darasa la tatu la primaire, halafu nikaingia kwenye baiskeli. Wakati ule hapa kwetu watu walipanda toleka, ile baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma, na mimi nilikuwa mwenye kukanyaga. Kazi nzuri ile, usiidharau. Abiria anakutazama mgongo tu, hakuoni macho, basi anakuambia yote: mke wake, deni lake, ugonjwa wake. Mimi nilijua siri za mji huu kuliko padri. Halafu motos, pikipiki za abiria, zikaja, magoti nayo yakaanza kulia kama pedali isiyopata mafuta, nikaacha. Bon. Nilikuwa nasema juu ya jiko.

Projet moja ya watu wa msaada ilikuja na wazo ambalo hata mimi, mtu mwenye kulaumu sana, sikupata fasi ya kulilaumu. Walichukua vijana wa quartier, mtaa wetu huu, wale wa kukaa kwenye ukuta tangu asubuhi. Wakawafundisha kulima mchicha, bilinganya na bamia kule chini karibu na mto Tshopo. Wakawafundisha kupika kwa watu wengi, na kupeleka chakula hospitali. Maana kwetu hospitali haikupi chakula. Mgonjwa analishwa na familia yake. Kama wewe ni mtu wa hapa mjini, shangazi atakuja na kibakuli, dada atakuja na thermos. Lakini mtu aliyetoka Yahuma, amelazwa na mguu uliovunjika, ndugu zake wako kule msituni, yeye atakula nini? Anakula kwa macho. Anatazama kitanda cha jirani. Niliwahi kulazwa mwenyewe, najua mtu anavyoweza kufuata kijiko cha mwingine kutoka bakuli mpaka mdomo, kwenda na kurudi.

Alors vijana walipika, wagonjwa wasio na watu walikula. Na ahadi ilikuwa hii: atakayejifunza vizuri atapata kazi pale pale, kazi yenye mshahara.

Mjukuu wangu alijifunza vizuri mpaka akaniudhi. Aliporudi nyumbani alianza kutawala. Mikono inaoshwa mpaka kwenye kiwiko. Nywele zinafunikwa. Mimi nikionja mboga na kurudisha kijiko ndani ya sufuria, kelele!

"Koko, usirudishe kijiko!" Koko ni babu, ndivyo tunavyoitana huku.

"Kijiko iko yangu," nikasema. "Sufuria iko yangu. Kinywa iko yangu."

"Na mate?"

"Mate pia iko yangu."

"Basi kula peke yako, koko. Miye sikule mate ya mutu."

Nikala peke yangu siku ile. Sombe yenyewe, majani ya muhogo, ilikuwa tamu sana, lakini kula peke yako mbele ya mtoto anayekutazama, si kula.

Baada ya mafunzo wakampa ufunguo wa jiko. Alikuwa bado hajaitwa shefu, maana mshahara ulikuwa haujaanza. Ile ilikuwa inangoja wageni. Wageni ndio wenye kutoa pesa za projet, walikuwa wanakuja kutoka mbali kutazama asubuhi moja nzima, kuanzia kuwasha moto mpaka mgonjwa anapopokea sahani. Wakifurahi, jiko litafanya kazi mwaka mzima, vijana wataandikwa, na mjukuu wangu atakuwa shefu wa jiko. Katika nyumba yangu hakuna mtu aliyewahi kuandikwa kazi. Hata mimi baiskeli haikuniandika. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa natengeneza ile siku kichwani: wageni wanakula, wanatingisha kichwa, wanasema vizuri.

Sasa sufuria. Projet ilikuwa imeleta sufuria tatu kutoka Kinshasa kwa baleinière, boti ya mbao, za alumini nene, kila moja mtoto wa kuanza shule angeweza kuoga ndani. Siku sufuria hizo zilipofika, wanawake wa avenue walikuja kusalimia jiko. Kusalimia, wanasema! Niliwaona. Mmoja aligonga ubavu wa sufuria kwa kucha, ngoo, akasikiliza, akamtazama mwenzake. Mwenzake naye akagonga.  Wakaenda.

Nieleze desturi yetu, maana asiye wa hapa hataelewa ugumu ulikuwa wapi. Kwetu mtu akifa, jioni ile ile uwanja wa marehemu unajaa watu, na watu hao lazima wale. Mwenye sufuria kubwa haombwi. Wanawake wanakuja, wanasema tumekuja kubeba sufuria, wewe unajibu iko pale. Basi. Hakuna tafadhali, hakuna asante. Siku nyingine itakuwa zamu yako. Na jambo la pili: moto wa matanga unawaka pale pale penye kilio. Wanawake wanapika huku wanalia, wanalia huku wanasengenya, wanasengenya huku wanamenya ndizi. Ukitenganisha hayo, hakuna matanga. La tatu, na hili ndilo lililotuua: sufuria ikiingia matangani haitoki mpaka marehemu amezikwa. Ukiitoa kabla, ni kama umevuta mkeka wakati mtu bado amelala. Watu wanaogopa. Mimi mwenyewe sijui naogopa nini, lakini naogopa.

Siku moja kabla ya wageni, asubuhi, kilio kikapigwa upande wa kushoto wa nyumba yangu.

Alikuwa mama mzee muuza kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa kwa majani. Wote tulikula kwanga yake. Mjukuu wangu, alipofiwa na mama yake, alikuwa anashinda kwenye mkeka wa yule mzee, anamkabidhi majani moja moja, mzee anafunga. Homa ilikuwa imemshika kwa siku chache tu, mafua mafua, tukafikiri itapita. Haikupita. Nilikaa nikamlilia kwa kweli, na katikati ya kulia kwangu wazo la sufuria likaingia, nikajiambia, mzee wangu, ungengoja kidogo tu. Ni wazo baya, lakini lilikuja, siwezi kusema halikuja.

Mchana nilikuwa jikoni, kwenye benchi. Huwa nakaa pale, hakuna anayenifukuza. Wakaja wanawake wa avenue, na mbele yao yule tunayemwita mama présidente, ambaye anaongoza kikundi chao cha kusaidiana kwenye harusi na vilio. Mwanamke mkubwa, sauti yake inafika upande wa pili wa mto bila pirogi.

"Mama, pole na kilio," mjukuu wangu akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa ametoka kulia na yeye.

"Asante, mwanangu. Tulikuya kubeba sufuria."

"Mama... kesho bageni bako nakuya. Na bagonjwa bako nangojea chakula asubui."

"Bagonjwa bako bazima. Uyu amekufa."

"Najua, mama. Tupike hapa, basi. Moto iko, maji iko. Miye na benzangu tutabapikia, chakula ikiiva tutaileta kule kwa kilio ikiwa moto."

Mama présidente akawageukia wenzake. "Munasikia? Matanga imekuwa restaurant. Tuitishe na menu?"

"Miye nataka kuku na frites," mwingine akasema kutoka nyuma.

"Na kulia tutalilia wapi?" wa tatu akauliza. "Hapa, karibu na frigo ya projet? Tutashikilia frigo, tuiambie pole?"

Wakacheka, kicheko kile cha msiba ambacho kina machozi ndani yake. Mjukuu wangu hakucheka. Alishika ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa kamba.

"Mama, sufuria si zangu. Iko ya projet."

"Na projet iko ya nani? Si walisema siku ya kwanza iko yetu, ya quartier? Mbele ya chef de quartier, micro mkononi! Ao nilisikia mubaya?"

Hakusikia vibaya. Mimi pia nilikuwepo. Bwana wa projet alisema hivyo, akarudia, akapigiwa makofi.

Halafu mama présidente akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwanangu. Kwanga yenye ulikula ukiwa mutoto, ulikula kwa mukeka ya nani?"

 Akanigeukia mimi. "Papa, sema na mutoto yako."

Ningesema nini? Nikisema toa, natupa kazi ya mtoto. Nikisema usitoe, kesho nikifa mimi nani atanipikia watu wangu? Nikamwambia mjukuu, ufunguo uko kwako, mama, mimi sina ufunguo. Akanitazama kwa jicho ambalo mpaka leo silipendi.

Alimpigia simu bwana wa projet. Haikuita. Alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kule Bangboka kupokea wageni, na réseau ya siku ile, mnaijua wenyewe. Akapiga tena, akapiga tena. Wanawake walikaa chini kumngojea, bila hasira, kama watu wanaongoja mvua ipite. Mwisho akasema: "Mubebe. Lakini kesho mbele ya jua kutoka, miye nitakuya kuzichukua, tutasafisha, tutapika hapa. Tumepatana?"

"Tumepatana," wakasema wote. Wakati huo nafikiri walisema kweli. Mtu akitaka sufuria anapatana na chochote.

Asubuhi yake kulikuwa bado na giza kidogo upande wa mto. Nilisikia mjukuu akitoka na wenzake, nikavaa sandali, nikafuata. Tukakuta maharagwe yanachemka katika sufuria mbili, na ya tatu ina maji ya kuoshea marehemu vyombo vyake, kama wafanyavyo watu wa upande wa yule mzee. Mjukuu akasema, nimekuja. Mama présidente, amefunga kitenge kifuani, hajalala, akasema bila ugomvi wowote:

"Mwanangu, atazikwa saa tisa. Sufuria zitatoka nyuma ya pale."

"Mama, tulipatana!"

"Tulipatana. Halafu bazee balisema hapana. Unataka tutoe sufuria mbele ya kumuzika, na iko analala pale ndani? Weye mwenyewe, toa. Shika, toa. Hakuna mutu atakupiga."

Mjukuu akasogea mpaka kwenye sufuria. Akatazama mlango wa nyumba, mahali mzee alikuwa amelazwa. Mkono wake haukwenda. Na mimi, tuseme kweli, nilikuwa naomba usiende, na nilikuwa naomba uende.

Basi akafanya lile ambalo leo wanalichekea. Akawaambia wenzake: leteni vitu huku. Wakaleta mchele, samaki, sombe, mawese, ndizi za kupondwa lituma, yote iliyowekwa kwa wagonjwa, wakaja nayo uwanjani kwa matanga. Wakaomba sufuria mbili zimalize maharagwe haraka. Wakaziosha kwa majivu na mchanga, wakazisuuza kwa maji ya moto, pale pale, hazikutoka uwanjani. Wakavaa vile vibonnet vyao vyeupe vya kichwani na tabliers za kufunga kifuani, wakaanza kupika chakula cha hospitali katikati ya kilio.

Kama ungekuwa na moyo mwepesi ungeipenda ile asubuhi. Wanawake wenye kilemba cha kilio wakanyang'anya vijana mchi, wakatwanga sombe wao. "Nyinyi na makofia yenu ya pâtisserie, mutatwanga mpaka Noeli!" Kijana mmoja akaombwa bonnet yake na bibi mmoja asiye na jino; bibi akajivika, akazunguka nayo uwanja mzima akisema yeye sasa ni docteur, nani anaumwa. Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Lituma ikapondwa, ikakatwa mabonge. Harufu ya samaki na mawese ilifika mpaka barabarani. Mjukuu alikuwa anakimbia kati ya moto na moto, anasimamia mikono ya kila mtu: osha, mama, osha tena, hapana, usionje na ile. Na walimtii! Nikaanza kutumaini, mjinga mimi. Nikajisemea, chakula kitafika, wageni wataona sahani, watajuaje mahali kilipopikiwa?

Lakini wageni walikuwa wamesema wanataka kuona kuanzia moto. Wakafika jikoni, wakakuta mlango umefungwa, majiko yamepoa, na kuku mmoja kwenye kizingiti. Jirani mwenye kuuza crédit ya simu akawaelekeza vizuri kabisa: "Bote bako matangani."

Tukaona gari jeupe linasimama. Akashuka bwana wa projet, shati tayari limeloa, na nyuma yake wageni, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Sasa kwetu mtu akiingia kwenye matanga haendi kwenye sufuria. Anapeana mikono kwanza na wafiwa. Wanawake wakawapokea kwa heshima, wakawapanga mstari, wakawapitisha mkeka hadi mkeka, pole, pole, pole, wakawakalisha kwenye viti vya mbele karibu na wazee. Mama présidente akaanza kulia upya kwa ajili yao, kwa sauti ile yake. Mgeni mmoja akatoa kitambaa. Bwana wa projet alikuwa anamtafuta mjukuu wangu kwa macho, na macho yalikuwa yanasema mengi.

Yule mgeni mwanamke ndiye aliyesimama mwisho na kwenda penye moto. Hakupiga kelele. Alimuuliza mjukuu, kwa Kifaransa cha polepole, marehemu alikufa na nini.

"Homa, madame."

"Homa gani?"

 Hakuna aliyejua homa gani. Yule mzee alikunywa dawa za soko, akalala.

Mgeni akatazama ule uwanja: watu, mbuzi, majivu, mikono yote ile, mlango wa nyumba wazi. Akamwambia bwana wa projet maneno machache. Bwana wa projet akaja akamwambia mjukuu wangu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayebeba mayai: chakula hiki hakiwezi kwenda hospitali.

Nimeligeuza neno lile mara nyingi, nikilitafutia kosa. Silipati. Mji wetu umeona magonjwa ya kupita kwenye vilio, watu waliagana na maiti, wiki inayofuata wakaagwa wao. Mgeni alikuwa na haki. Mama présidente alikuwa na haki. Mjukuu wangu, mniambie nyinyi, alikosa wapi? Kila mtu ana haki, na mtoto wangu ndiye ametoka mikono mitupu. Hilo ndilo linalonikereketa. Angekuwapo mtu mmoja mwenye kosa ningekwenda mlangoni kwake, nikamtukana, nikarudi nikalala.

Chakula kililiwa na matanga. Watu walishiba kama siku ya Noeli. Mpaka leo wanasema, ah, matanga ya mama wa kwanga, lituma ile! Bwana wa projet alikwenda mbio kununua mikate na chai kwa wagonjwa. Mjukuu akaenda naye kugawa, kwa sababu alisema hawezi kujificha. Alinisimulia kwamba yule mtu wa Yahuma mwenye mguu uliovunjika alikaa tayari, amenyoosha shati, sahani yake ya plastiki juu ya magoti. Akapokea mkate, akaugeuza, akauliza: "Leo haiko siku ya samaki?" Mjukuu akasema, hapana, papa, iko kesho. Akatoka nje.

Projet haikufungwa. Wageni walisema watarudi msimu wa kiangazi kutazama tena, na mpaka wakati huo hakuna kuandikwa, hakuna mshahara kamili. Na ufunguo ukatolewa kwenye shingo ya mjukuu wangu, akapewa kijana wa Lubunga, ng'ambo ya mto mkubwa, anayevuka kwa pirogi kila asubuhi. Mjukuu akarudishwa kumenya ndizi na vitunguu.

Nikamfuata bwana wa projet. Nilipanda pikipiki, nikalipa, mimi mzee wa toleka, ile aibu nikaimeza. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu.

"Mulisema munataka batoto ba quartier," nikamwambia. "Mbona munatafuta mwenye ufunguo ng'ambo?"

Alinikalisha. Si mtu mbaya, ni kijana wa Maniema, ana heshima. "Papa," akasema, "weye sema. Mutoto wa quartier, akifiwa jirani, atakatala sufuria?"

"Hapana."

"Na nikimupa tena ufunguo, kilio kikija tena, itakuwa aje?"

 Hotuba yangu yote ikakaa tumboni.

"Kama bageni bakirudi na yote iende muzuri," akasema, "nitamuomba awe shefu. Nimekwisha kuwaambia yeye njo anajua kazi. Lakini ile siku, papa, sufuria zikuwe jikoni. Ile tu. Zikuwe jikoni."

Baada ya hapo alikufa mzee mmoja wa avenue ya nyuma. Wanawake wakaja jikoni kama kawaida. Kijana wa Lubunga akasimama mlangoni, akasema sufuria hazitoki. Nilikuwa kwenye benchi, nikajikaza nisikie matusi. Hakuna tusi! Mama présidente alimtazama tu, akasema: "Uyu si wa hapa, hajui kitu," wakageuka wakaenda kutafuta vijisufuria vya nyumba kwa nyumba. Mtoto wangu angesema neno lile lile, angeitwa mchawi. Mjukuu alikuwa ameinama juu ya beseni la vitunguu, hakuinua uso. Kitunguu kinasaidia kwa hilo, mtu hawezi kukuuliza unalia nini.

Jioni ile alitoka kazini akaenda matangani moja kwa moja, na mimi pia nilikuwa pale. Wanawake walikuwa wanapika wali katika sufuria nane au kumi ndogo, mmoja umeungua, mwingine bado mchele, wanagombana nani aangalie ipi. Mama présidente akamsogezea kigoda.

"Kaa, shefu."

"Miye si shefu tena, mama."

"Kwetu iko shefu."

"Kwenu hakuna mushahara." Alilisema bila kupaza sauti, lakini mikono yote ikasimama. "Mama, mulinipenda siku ile, nilisikia. Mulinisifu. Sasa mufanye kitu moja. Tununue sufuria ya avenue. Kubwa. Yetu. Kila nyumba itoe kitu. Bageni bakirudi, mutu akikufa, mutabeba ya kwenu, hamutakuya kwangu."

Nilifurahi mpaka nikakohoa. Wote wakakubali! Hakuna hata mmoja aliyepinga. Mama présidente akasema ni wazo la akili, akampiga mgongo.

Halafu mtu akauliza: italala nyumba ya nani?

Mpaka leo ninapoandika, sufuria haijanunuliwa. Upande wa juu wa avenue wanasema ilale kwao, kwa sababu hawana mafuriko. Upande wa chini wanasema wa juu ni walafi, wataitumia kwenye harusi zao na biashara yao ya beignets, maandazi. Mama présidente anataka ilale kwake, na hilo ndilo pande zote mbili zinalipinga. Wamekutana, wamekutana tena, wakala karanga, wakaachana. Mwingine akatoa wazo ilale jikoni kwa projet, fasi yenye kufuli. Nikainuka nikaenda nyumbani.

Na kiangazi kimeanza kukaribia. Mto umeshuka, mawe ya maporomoko yanaonekana, wavuvi wameanza kusimamisha miti yao ya mitego. Bwana wa projet amesema wageni wako njiani, siku bado haijulikani. Mjukuu wangu anaondoka asubuhi, anarudi jioni, haongei sana. Nikimuuliza, anajibu, "Iko muzuri, koko," na anaendelea kukunja tablier yake.

Kwa hiyo siku hizi nina kazi. Asubuhi nachukua fimbo, nazunguka avenue nzima kusalimia wazee. Naanza na yule mwenye pumu, naenda kwa mama mwenye sukari, nafika mpaka kwa fundi cherehani aliyepooza upande. Nawauliza wamelalaje. Nawaambia wanywe maji, wasikae kwenye upepo, waende hospitali mapema, wasinunue dawa za soko. Jana mwenye pumu alinitazama kwa muda, akajua.

"Papa," akasema, "weye hukuwa unanisalimia ivi. Unanipenda juu ya nini?"

"Juu ya ujirani."

"Uongo. Unangojea bageni bapite."

Nikasukuma jiwe kwa fimbo. Akaendelea:

"Sasa nitakufa na programme ya projet? Baniletee basi karatasi, baniandikie siku yenye baliniachia ya kufa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaza. Nikaweka fimbo chini, nikamshika mgongo kwa mikono yote miwili, nikamwambia: pole pole, ndugu yangu, pumua pole pole, usiende mahali popote.